Nani hupima maarifa ya nchi? Ukambani na vyama vya jiografia

Kithyoko ni mji mdogo wa Masinga, katika Kaunti ya Machakos, ulio kando ya barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa, mbele ya Matuu na kabla ya kufika Mwingi. Kaskazini yake liko bwawa la Masinga katika Mto Tana, na kusini unaenea uwanda wa juu wa Yatta, ambao ni mabaki ya mtiririko mmoja wa lava ulioganda mamilioni ya miaka iliyopita na ambao, kwa urefu wake wa takriban kilomita 300 kuelekea Tsavo, huhesabiwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Vitabu vya historia ya jiografia havina desturi ya kutaja miji ya namna hii, lakini nchi inayouzunguka imetembelewa, imepimwa, imechorwa na kubishaniwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 170, na mabishano hayo yameendeshwa kwa sehemu kubwa ndani ya vyama vya kitaaluma.

Chama cha kitaaluma ni muungano wa hiari wa watu wanaofuatilia tawi moja la elimu, wanaokutana kusikiliza taarifa mpya, kuzihoji, kuchapisha katika jarida zile zilizostahimili mahojiano, na kuzihifadhi katika maktaba na hazina ya ramani. Chama hicho si chuo kikuu, ambacho kazi yake ni kufundisha na kutunuku shahada, wala si idara ya serikali, ambayo hupima ardhi kwa mahitaji ya utawala na kodi. Katika jiografia, vyama vya kwanza vya aina hii viliundwa Paris mwaka 1821, Berlin mwaka 1828 na London mwaka 1830. Hicho cha London kilikimeza mwaka 1831 kile Chama cha Afrika kilichokuwapo tangu 1788, kikapata hati ya kifalme mwaka 1859, na kinajulikana kama Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Historia ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambamo Kithyoko umo, inaonyesha kwamba vyama hivyo havikuwa chemchemi ya maarifa ya nchi, kwa kuwa maarifa hayo yalikuwapo tayari kwa wakulima, wafugaji na wafanyabiashara waliokuwa wakiipita nchi kila msimu. Mchango wa vyama ulikuwa kuyapima, kuyaandika, kuyahifadhi na kuyasambaza, na mchango huo ulikuwa na faida kwa kadiri tu chama kilivyokubali kusahihishwa na watu walioijua nchi yenyewe.

Theluji iliyokataliwa London

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba walikuwa wakiendesha misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, na kwa sababu hiyo walijua mito, mabonde, vituo vya maji na majirani wa eneo kubwa lililokuwa tupu katika ramani zote za Ulaya. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliotumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza na waliokuwa na kituo Rabai tangu 1846, walipoanza kusafiri bara walipita katika njia ambazo misafara hiyo ilikuwa imezizoea. Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, aliyekuwa mkuu wa wafanyabiashara wa Kikamba, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wote wawili waliandika kwamba vilele hivyo vina theluji.

Mwaka 1851 Krapf alirudi akiwa na nia ya kufungua kituo Yatta, mpango ulioshindikana, akaendelea hadi kwa Kivoi na kufuatana naye kuelekea Mto Tana. Karibu na mto msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa na wenzake wakatawanyika. Krapf aliponea porini peke yake, akaufikia mto kwa kiu, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu wala chombo kingine alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki kabla ya kuanza safari ya kurudi. Habari hizo alizichapisha baadaye katika kitabu cha safari zake cha mwaka 1860, pamoja na maelezo aliyoyapata kwa Wakamba kuhusu milima, mito na watu ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwafikia.

Taarifa za theluji zilipofika London zilikutana na William Desborough Cooley, mwanachama wa chama cha jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini ambaye makala yake ya mwaka 1845 katika jarida la chama ilikuwa imemjengea sifa ya mjuzi wa bara hilo. Makala hiyo ilitokana na vitabu vya Kireno na vya Kiarabu, na pia na mahojiano na Khamis bin Uthman, mtu wa Zanzibar aliyekuwa London katika miaka ya 1830, na ilihitimisha kwamba katikati ya Afrika kuna ziwa moja refu. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 Cooley alishikilia kwamba theluji chini ya ikweta ni njozi ya wamisionari wenye macho dhaifu.

Ubishi huo una funzo kwa sababu pande zote mbili zilitegemea ushahidi wa Waafrika, na tofauti yao ilikuwa katika namna ya kuuthibitisha. Cooley alikuwa na mtoa habari mmoja na rafu ya vitabu. Krapf na Rebmann walikuwa na macho yao na watoa habari wengi wasiofahamiana, ambao masimulizi yao yangeweza kulinganishwa. Chama hakikuweza kukata shauri kwa hoja peke yake, kwa hiyo kilisubiri vipimo. Baron Karl Klaus von der Decken alipanda Kilimanjaro mwaka 1861, na tena mwaka 1862 akiwa na Otto Kersten, wakafika karibu mita 4,300 na kuangukiwa na theluji wakiwa huko juu. Mwaka 1864 chama kilimtunuku medali ya dhahabu, ingawa Cooley hakukubali kushindwa.

Hatima ya ramani ya maziwa ilifanana na hiyo. Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walichora, kwa habari za wafanyabiashara wa pwani, ramani yenye ziwa moja kubwa mno lililojipinda katikati ya bara, na ilipofikishwa mbele ya wanachama wa London iliwashangaza kiasi cha kuwafanya wawatume Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kuihakiki. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858, Speke akaufikia ukingo wa Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, tarehe 3 Agosti mwaka huohuo, na David Livingstone akafika Ziwa Nyasa mwaka 1859. Ilibainika kwamba wafanyabiashara walikuwa wakisema kweli kuhusu maziwa matatu tofauti, na kosa lilikuwa la wachoraji walioyaunganisha.

Kutoka masimulizi hadi kipimo

Ili taarifa za wasafiri ziweze kulinganishwa, chama kilihitaji kuwafundisha wote kupima kwa namna moja. Mwaka 1854 kilichapisha mwongozo wa wasafiri ulioeleza vyombo vya kubeba na jinsi ya kuvitumia: sekstanti ya kupimia pembe ya jua au nyota juu ya upeo wa macho ili kupata latitudo, saa ya kuaminika kwa ajili ya longitudo, dira, na kipimajoto cha kuchemshia maji. Chombo hicho cha mwisho kilitumika kukadiria mwinuko, kwa kuwa maji huchemka katika joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda, takriban nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300, hivyo kwamba penye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Msafiri aliyekuwa na sufuria, kuni na kipimajoto aliweza kurudi na tarakimu ambayo mwingine angeirudia na kuikosoa.

Tarakimu hizo zilikusanywa katika ramani. Kati ya 1881 na 1883 chama kilichapisha ramani ya Afrika Mashariki iliyochorwa na Ernst Georg Ravenstein katika kurasa 25 kwa kipimo cha 1 kwa 1,000,000, maana yake sentimita moja ya karatasi ilisimama badala ya kilomita 10 za nchi. Ravenstein, ambaye ndiye aliyeandika muhtasari wa uchunguzi wa kijiografia katika kitabu cha Krapf, alikusanya njia za wasafiri na za misafara, akazilinganisha, na kuacha wazi mahali ambapo hapakuwa na ushahidi. Uungwana wa kuacha nafasi tupu ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa wachoraji wa zamani walizoea kujaza pengo kwa mito ya kubuni.

Hata tahajia ya majina ilihitaji utaratibu. Mwaka 1885 chama kilipitisha kanuni kwamba majina ya mahali yasiyoandikwa kwa herufi za Kilatini yaandikwe kwa irabu zinazosomwa kama za Kiitaliano na konsonanti zinazosomwa kama za Kiingereza, utaratibu ambao msomaji wa Kiswahili huutambua mara moja kwa kuwa ndio uliozoeleka katika ramani za Afrika Mashariki. Kazi hii haina mbwembwe za uvumbuzi, lakini bila hiyo mto mmoja ungeweza kuonekana katika ramani tatu kama mito mitatu.

Nani huhesabiwa kuwa shahidi

Udhaifu mkubwa ulikuwa katika swali la nani anastahili kusikilizwa. Safari ya Joseph Thomson ya 1883 na 1884 kupitia nchi ya Wamaasai hadi Ziwa Viktoria iligharimiwa na chama cha London, na njia yake ilitegemea sana ujuzi wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pwani aliyewajua Wamaasai na desturi zao. Thomson alipewa medali ya dhahabu mwaka 1885, na safu ya milima ambayo Wakikuyu waliijua kama Nyandarua ikaingia katika ramani kwa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa chama. Jumbe Kimameta alibaki kutajwa ndani ya simulizi la mwingine, na Kivoi, ambaye maisha yake yaliishia karibu na Tana, hakuwahi kuwa zaidi ya mhusika katika kitabu cha Krapf.

Ukarimu ulikuwapo, lakini ulikuwa wa kuwashukuru watumishi. Wapagazi walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani walitengenezewa medali 60 za fedha, na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India kisha akarudi kuongoza misafara ya Burton na Speke, na ya wasafiri wengine Stanley na Cameron, alipewa medali ya fedha na malipo ya uzeeni mwaka 1876. Wanawake nao walikutana na mlango uliofunguka nusu: 22 walipokewa uanachama katika miaka ya 1892 na 1893, kisha wengine wakazuiwa hadi mwaka 1913. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa chama hicho kuitazama upya hazina yake, na katika maonyesho ya mwaka 2009 kuhusu historia zilizofichika za upelelezi kikawaweka mbele wakalimani, viongozi wa njia na wapagazi ambao majina yao yalikuwa yamelala katika shajara na picha za kumbukumbu zake.

Kipimo kinapogeuka amri

Maarifa yaliyokusanywa na wasafiri hayakubaki katika maktaba. Kampuni ya Kibeberu ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilijenga ngome Machakos mwaka 1889, na utawala uliofuata ulirithi ramani, pamoja na dhana kwamba anayejua kupima ndiye anayejua nchi. Uwanda wa Yatta ulitangazwa kuwa ardhi ya Taji, na Wakamba wakapoteza haki ya kulisha mifugo humo kwa uhuru, huku vilima vya hifadhi yao, yaani eneo walilotengewa na serikali, vikizidi kubeba watu na ng'ombe wale wale waliozuiwa kuvuka.

Katika miaka ya 1930 mmomonyoko wa udongo katika hifadhi hiyo ulikuwa mkubwa na wa kweli, na maofisa wa serikali, miongoni mwao Colin Maher mwaka 1937, waliueleza kwa masikitiko makubwa. Tafsiri iliyoshika ilikuwa kwamba mifugo imezidi uwezo wa malisho, yaani idadi ya wanyama ambao kipande cha ardhi kinaweza kuwalisha bila kuharibika, na mwaka 1938 serikali ikaanza kuwauza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Mwezi Julai mwaka huo maelfu ya watu wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa kudai kuonana na gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasitishwa.

Waandamanaji hawakukana kwamba udongo unaondoka. Walichokikataa ni hesabu iliyofanywa ndani ya mpaka uliowekwa na serikali yenyewe, bila kuuliza malisho ya Yatta yalikwenda wapi, na bila kumwita mfugaji kutoa ushahidi juu ya ukame, magonjwa na uhamaji wa mifugo. Palikosekana jukwaa ambapo taarifa ya ofisa ingewekwa mbele ya watu wenye ujuzi mwingine na kuhojiwa kabla ya kugeuzwa amri, na hiyo ndiyo kazi inayokifaa chama cha kitaaluma.

Vyama vinazaliwa Afrika Mashariki

Vyama vya eneo hili vilianza kama mikusanyiko ya walowezi na maofisa. Chama cha Historia ya Maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda kiliundwa Nairobi mwaka 1909, kikaanzisha jarida na jumba dogo la makumbusho ambalo ndilo mzizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na chenyewe kinaendelea hadi leo kwa jina la Nature Kenya. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Charles Hobley, ofisa aliyechapisha mwaka 1910 kitabu kuhusu Wakamba na majirani zao. Uganda ilikuwa na chama cha fasihi na sayansi tangu 1923, kilichobadilishwa jina baadaye na kuanza kutoa Uganda Journal mwaka 1934, na Tanganyika ikapata Tanganyika Notes and Records mwaka 1936. Majarida hayo yalichapisha vipimo vya maziwa, kumbukumbu za mvua, historia za koo na maelezo ya njia za zamani za biashara, na mengi kati ya hayo hayakupata kuchapishwa kwingineko.

Uhuru ulipokaribia, uongozi wa taaluma ulianza kupita katika mikono ya wenyeji. Jarida la East African Geographical Review lilitoka Makerere kwa mara ya kwanza mwaka 1963 chini ya chama cha jiografia cha Uganda. Simeon Ominde, aliyeongoza tume ya elimu ya mwaka 1964 inayojulikana kwa jina lake, alijenga masomo ya jiografia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuchapisha mwaka 1968 uchunguzi wake kuhusu ardhi na uhamaji wa watu nchini Kenya, ambamo mwananchi anayehamia nchi kavu au mjini alichunguzwa kama mtu mwenye sababu zake. Wanajiografia wa Kenya nao waliunda chama chao na jarida lililoitwa Kenyan Geographer.

Udhaifu wa vyama hivyo umekuwa wa kudumu. Huishi kwa ada za wanachama na kwa wahariri wanaojitolea baada ya saa za kazi, na kwa hiyo jarida linaweza kukaa miaka bila toleo pindi mhariri anapohama au ada inapokauka. Jarida likikatika hutokea hasara ambayo haionekani haraka: wanafunzi wanaendelea kuandika tasnifu na watafiti wanaendelea kupima, ila hakuna mahali ambapo matokeo ya mmoja yanakutana na ya mwingine.

Kora: chama kinaporudi na mshirika

Mfano wa namna nyingine ya kufanya kazi unapatikana katika mto uleule unaojaza bwawa la Masinga. Kati ya 1982 na 1985 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuchunguza Hifadhi ya Kora, iliyo ukingoni mwa Tana upande wa chini wa mkondo, mbele ya Mwingi. Utafiti uliongozwa na Malcolm Coe, mwanaikolojia aliyewahi kufundisha Nairobi, na lengo lake lilikuwa kuorodhesha mimea, wanyama, udongo na miamba ya eneo ambalo wakati huo lilisifika zaidi kwa simba kuliko kwa kumbukumbu za kisayansi.

Sehemu iliyovuta macho ya watafiti ni vilima vya mwamba mtupu vinavyochomoza katikati ya nyika, ambavyo kila kimoja hukusanya maji ya mvua katika mashimo na nyufa zake na hivyo kulea mimea na wanyama wasiopatikana katika vichaka vinavyokizunguka. Msitu wa kando ya mto nao ulipewa uzito, na wakati wake ulikuwa na maana ya pekee, kwa kuwa bwawa la Masinga, lenye uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56, lilikamilika mwaka 1981. Misitu ya namna hiyo hutegemea mafuriko yanayomwaga tope jipya na kuotesha miche, na bwawa kubwa hupunguza mafuriko. Kumbukumbu iliyochukuliwa mara baada ya bwawa kukamilika ni kigezo ambacho vizazi vya baadaye vinaweza kulinganishia. Kora ilipandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1989, na utaratibu wa chama kushirikiana na taasisi ya nchi husika ukarudiwa Tanzania katika utafiti wa Mkomazi.

Mabishano ya Machakos

Mjadala uliolifikisha jina la Machakos katika madarasa ya jiografia ya dunia nzima ulianza na kitabu cha mwaka 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kilichotokana na utafiti uliowashirikisha pia wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kitabu hicho kilichunguza wilaya ya zamani ya Machakos, iliyojumuisha Makueni ya sasa, kati ya 1930 na 1990, na dai lake kuu lilikuwa kwamba watu waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, ilhali mmomonyoko ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda.

Ushahidi mmojawapo ulikuwa wa picha. Mhandisi wa hifadhi ya udongo aitwaye Barnes alipiga picha za vilima vilivyochakaa mwaka 1937, na watafiti walirudi mahali palepale zaidi ya nusu karne baadaye na kupiga tena, ili mtazamaji alinganishe mteremko uleule. Pale palipokuwa na makorongo na ardhi tupu palionekana matuta, miti na mashamba. Matuta mengi yalikuwa ya aina ya fanya juu, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kuchimba mtaro unaofuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu, hivyo kwamba mvua baada ya mvua tope hukusanyika nyuma ya tuta na shamba hujisawazisha lenyewe. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, yaani utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi kwa zamu, ambavyo katika miongo ya baadaye viliongozwa mara nyingi na wanawake.

Hitimisho hilo lilipindua maelezo ya miaka ya 1930, lakini chama cha kitaaluma hakimalizi kazi kwa kushangilia matokeo yanayopendeza. Mwaka 1999 jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia lilichapisha makala ya John Murton, aliyechunguza kaya katika eneo la Mbooni na kuonyesha kwamba wastani wa wilaya ulikuwa umeficha mgawanyiko: waliokuwa na mshahara wa mjini waliweza kununua ardhi, kuajiri vibarua na kuboresha mashamba, na wasiokuwa nao walibaki na vipande vidogo vinavyozidi kuchoka. Makala hiyo haikufuta picha za vilima vilivyopona. Iliongeza swali la nani aliyefaidi kupona huko, na kila mtafiti aliyefuata alilazimika kulijibu.

Tofauti na mwaka 1938 ni kubwa. Wakati ule taarifa moja ilipita kutoka kwa mtaalamu hadi kwa gavana bila kupitia mikono ya mpinzani. Safari hii dai kubwa liliwekwa hadharani pamoja na vipimo vyake, likapingwa kwa vipimo vingine, na serikali, wafadhili na wanafunzi wakapata kuona mahali ambapo pande hizo mbili zilikubaliana na mahali zilipotofautiana.

Kazi iliyobaki Masinga

Hata hivyo, Machakos iliyojadiliwa zaidi ni ile ya vilima vyenye mvua ya kutosha kwa kahawa, na si ile ya tambarare kavu za Masinga na Yatta, ambazo watu wengi walihamia baada ya uhuru, ambapo mvua ya vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo, na ambapo kilimo cha umwagiliaji hufuata mahali maji yanapofika, kama ilivyo Matuu kwa sababu ya mfereji wa Yatta uliochimbwa kwa kazi ya mahabusu wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950. Matokeo ya Mbooni hayawezi kubandikwa Kithyoko bila kupimwa upya, kwa kuwa mteremko, mvua, umbali wa soko na historia ya umiliki wa ardhi ni tofauti.

Kupima huko hakuhitaji kusubiri msafara kutoka ng'ambo. Kipimamvua cha kawaida husomwa kila siku saa tatu asubuhi, na milimita moja inayoonekana ndani yake ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila mita mraba. Shule iliyo na mwalimu makini inaweza kuweka kumbukumbu ya miaka 20 kwa gharama ya daftari na uvumilivu. Vivyo hivyo, wakulima wanaojua ni mito ipi ya msimu inayoleta mchanga mwingi na ni mashamba yapi yaliyoanza kumomonyoka wana taarifa ambayo wasimamizi wa bwawa la Masinga wanaihitaji, maana tope linaloingia bwawani hupunguza nafasi ya maji na hatimaye umeme. Picha za setilaiti, ambazo Kituo cha Kanda cha Ramani za Rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975 na kilichopo Nairobi kimezitumia kwa miongo mingi, huonyesha mabadiliko ya uoto kwa upana, ila hazielezi sababu ya shamba moja kuachwa na la jirani kulimwa.

Kinachohitajika ni chombo cha kuziunganisha taarifa hizo na kuzihoji, na hapo ndipo chama cha jiografia chenye matawi katika kaunti kingekuwa na kazi ya kweli: kuwapa walimu na vikundi vya wakulima kanuni moja ya upimaji, kuchapisha muhtasari wa tafiti kwa Kiswahili na Kikamba, na kuweka nakala za ramani, picha na makala za zamani katika maktaba za umma za kaunti, kwa sababu mkulima wa Masinga hawezi kukosoa ripoti ambayo hajawahi kuiona. Hazina ya chama cha London pekee ina zaidi ya vitu milioni mbili, vikiwamo ramani, vitabu na picha, na sehemu yake inayohusu Afrika Mashariki ilikusanywa kwa miguu na kumbukumbu za watu wa Afrika Mashariki. Kuwafikishia nakala zake warithi wao kungewawezesha kuzisahihisha.

Cooley alikuwa na elimu kubwa kuliko wapagazi wote wa Krapf, na bado walikuwa sahihi kuhusu theluji. Chama cha kitaaluma hakikuundwa ili kuondoa tofauti hiyo kati ya msomi na mwenye kuijua nchi, bali ili kuziweka kauli zao juu ya mizani moja, na mizani hiyo haiwezi kuaminiwa ikiwa upande mmoja haukaribishwi kuisoma.